Herufi Nilizomfundisha Kaka Magesa

Ilemela, Mwanza
Jumapili

Dada Nyangeta,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza kusoma usimwambie mtu hata neno moja, hasa mama, kwa sababu ya presha yake. Nimeandika kwa mkono kwa kuwa simu yako hapo nyumbani inashikwa na kila mtu.

Miguu ya mama inaendeleaje? Na mihogo ya kule bondeni, mmeshaivuna? Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua.

Habari ni ya kaka Magesa. Pambano lake la jana halikufanyika. Huenda mkasikia redioni kwamba ana homa. Ukweli ni kwamba jicho lake la kushoto halioni, na mimi nimelijua hilo tangu mwaka jana.

Unajua kazi yangu kwa promota: mimi ndiye ninayepeleka fomu za mabondia kwa daktari. Kabla ya kila pambano daktari huwapima macho kwa ubao wa herufi ulio ukutani. Siku moja kaka aliniambia, "Bwire, wewe ndiye msomi wetu. Ninakilie zile herufi, basi. Jicho lina ukungu kidogo tu, litapona." Dada, ngumi zake ndizo zilizonisomesha mpaka chuo. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Nilizinakili, tukazikariri tukitembea kutoka Mwaloni kununua samaki, kama watoto wa darasa la pili. Daktari akamsifu: "Bondia, unasoma kama mtangazaji!" Akapita. Akapita na mara ya pili.

Mazoezini wenzake walianza kumtania. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango, kocha akasema, "Magesa, mlango nao unautaka ubingwa?" Akacheka pamoja nao. Lakini Jumatano kijana anayefanya naye mazoezi alimrushia ngumi ya kawaida kutoka kushoto, na kaka hakuinua hata mkono. Alianguka kama gunia. Kesho yake asubuhi alinimiminia chai, yote ikaishia mapajani mwangu, naye akauliza, "Mbona hunywi?"

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama niko tayari kupoteza kazi. Nikamjibu kwamba sijui.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupima uzito. Kaka alipanda kwenye mizani, uzito ukakubali, watu wakapiga makofi. Daktari akaugeuza ule ubao, upande mtupu ukawa mbele, kisha akainama kutafuta mwingine kwenye begi lake. Kaka alikuwa ameshaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akaanza. Alisoma herufi zote, mstari kwa mstari, kwa sauti nzuri, kwenye ubao mweupe. Aliposhusha mkono na kuona, hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

Nje aliniambia maneno machache tu: "Hiyo nayo imetoka kushoto, mdogo wangu." Tangu hapo hasemi nami. Promota ananitafuta kwa hasira, kwa hiyo nalala Ilemela kwa rafiki yangu niliyesoma naye.

Daktari anasema pazia la ndani ya jicho limeanza kuachia. Likitibiwa mapema linaweza kushika. Akichelewa, jicho ndiyo basi. Nasikia kaka anakataa. Anasema atakwenda kupigana mji mwingine, ambako hakuna anayemjua. Dada, wewe ulimbeba mgongoni, na ni wewe peke yako ambaye hakubishii. Njoo umpeleke hospitali. Njoo wiki hii.

Mama mwambie tu kwamba tunakula vizuri. Nisalimie baba mdogo, asisahau kuziba ule mtumbwi, na shangazi wa kwaya, na wanao wote wawili.

Ukifika Mwanza usiulize ofisini, wala usinipigie, simu nimeizima. Nenda barabara ya ufukweni, Kirumba, saa kumi na mbili asubuhi. Kaka bado anakimbia pale kila siku. Mwendee kwa upande wa kulia, asishtuke. Kisha tazama kushoto kwake, nyuma kidogo, upande zinakopita bodaboda. Mimi nitakuwa hapo.

Mdogo wako,
Bwire