Simu Ndani ya Mkebe wa Majani Chai

Meru,
Jumanne.

Kwa dada yangu mpendwa Celina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, shemeji Ireri na mbuzi wenu huko Kiritiri mko salama, na kwamba mvua imewakumbuka. Sisi Mungu anatushikilia, ila huyu Mbaabu wangu amenichosha mpaka hapa kwa koo.

Usishangae kupata barua kama enzi za shule. Mwanangu amepiga marufuku simu hapa nyumbani. Unajua vile aliandika kwa mtandao kuhusu dawa zilizopotea kwa zahanati yetu, watu elfu arobaini wakasoma. Elfu arobaini, Celina! Ni mtoto wa nani mwingine huku amesomwa hivyo? Basi akaanza kufuatwa na gari lisilo na namba, akakimbilia nyumbani akisema simu yake ndiyo inawaonyesha alipo.

Sasa ona mambo. Kwanza aliitia ndani ya sufuria yangu ya githeri, akafunika, akaniambia niipigie. Ikalia humo kama kuku aliyefungiwa kwa gunia. Akasema mfuniko una nafasi. Akachukua ile karatasi ya kung'aa niliyoweka ya kufungia nyama ya harusi ya Winfred, yote, akaizungushia mara nne, kisha akaisukuma ndani ya mkebe wangu wa majani chai. Nikapiga, nikaambiwa mteja hapatikani. Alifurahi kama amepewa digrii ya pili! Nikamwuliza si angeizima tu. Akaniambia, Mathe, simu ikizimwa si kusema imelala. Majani yangu yakahamia kwa gazeti, na akina mama wa kanisa wakanywa chai yenye ladha ya wino.

Juzi watu wawili wakaja. Walimwita kwa jina, wakaenda moja kwa moja kwa jiko la nje anakolala. Bahati nzuri alikuwa mtoni akikatia ng'ombe nyasi. Tangu hapo hali chakula, anageuza mkebe huku na huku akitafuta tundu. Anajilaumu.

Dada, mkebe hauna tundu. Wiki iliyopita pale soko la Gakoromone, mtu wa viatu safi alinunua avokado zangu, akasema nina sura ya mama wa msomi. Unanijua. Nilimweleza yote: shule, alama, elfu arobaini, hata kwamba msomi mzima analala kwa jiko la nje na hanung'uniki. Nikamwongezea mbili za bure.

Sijamwambia Mbaabu. Nimeshindwa.

Nyamu muuza mbuzi anakuletea hii. Mbaabu namtuma kwako, atafika Alhamisi. Mlishe kwanza, halafu umwambie wewe kwamba ni mdomo wangu. Kisha mpelekeni kwa mtu mnayemwamini, na usiniambie ni wapi. Hata nikilia. Hata nikikuapia kwa Biblia. Nikijua, nitasema.

Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na Mungu awafunike.

Ni mimi mdogo wako,
Gatakaa, Mama Mbaabu