Feni za Akina Mama

Dada Dominika, shikamoo. Sisi tupo, maji bado tunayasaka kwa ndoo.

Lile daftari langu la umeme wa kiwanda cha korosho nimelimaliza! Wiki tatu nasoma mita kila saa. Dada, kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, inavuja, inanguruma hata Jumapili hakuna kazi. Inakula nusu ya umeme wote! Feni za akina mama wanaomenya korosho hazifiki hata robo ya hapo.

Nikampelekea meneja. Kasoma, kacheka: "Injinia wa kusomea kwenye simu, kompresa haizimwi. Tutazima hizo feni." Wakazima kweli! Juzi Mama kaanguka kwa joto palepale anapomenyea. Leo kapata nafuu, ananiuliza, "Nani kampelekea meneja habari za feni zetu?"

Njoo Newala, nimwambie ni mimi, na wewe ukiwepo.

Mdogo wako,
Alfredi