Waya wa Breki

Mjukuu wangu Ezekia,

Hapa Itaka tumeamka salama. Mama yako amevuka mpaka kwenda Nakonde kwa dada yake, nasi tunachuma kahawa.

Umeniuliza kwenye simu kama fundi wako wa Tunduma afiche nyaya zote ndani ya usukani, pikipiki ionekane safi. Kaka yangu Yohana alifanya hivyohivyo tukiwa vijana. Mwanzoni alikuwa akiupapasa waya wa breki kila asubuhi. Ukianza kukatika, nyuzi zilikuwa zikimchoma kidole, naye anaubadilisha. Alipouficha, akawa anafuta usukani tu.

Waya ulikatikia kwenye mteremko wa kwenda Mkwajuni, amepakia mahindi. Mengine sitayaandika.

Msibani pikipiki iliegemezwa ukutani, watu wakasifu usukani unavyong'aa. Baba yetu akaleta msumeno, akaukata usukani mbele yao. Ndani, waya ulikuwa umesagika na kukatika, zimebaki ncha za nyuzi zenye kutu.

Sikukatazi urembo, baba. Nyaya za taa zifiche. Wa breki uache nje. Ukija Krismasi nitaupapasa mwenyewe, kabla hujaingia ndani. Macho yamechoka, ila vidole bado vinasikia.

Bibi yako