Mfumo Unasema Sipo

Jumatatu, 3 Machi

Mfumo mpya umeanza leo. Sisi wa malalamiko ya wateja ndio wa kwanza kuonjeshwa. Bosi kasema kiwanda kizima cha magodoro kitatuonea wivu. Haya.

Kuingia tu, unataka namba inayotumwa kwenye simu. Simu iko wapi? Chini ya faili. Nikaishika — picha ya mpwa wangu, kajipaka unga mpaka kope! Nikacheka, nikamjibu dada, nikakumbuka chai. Namba ikaisha muda. Mara tano! Nimeingia saa nne na nusu. Chai sijui niliiacha wapi.

Daktari alinieleza mwezi uliopita: ni ADHD, akili kurukaruka, si uzembe. Sawa, lakini mfumo nao utaelezwa na nani?

Jumanne, 4 Machi

Kila dakika sita kinachomoza kisanduku katikati ya kioo cha kompyuta: "Je, bado unaendelea na kazi?" Nilikuwa naendelea! Sasa sijui nilikuwa naendelea na nini.

Usipobonyeza "Ndiyo", unaandikwa hupo. Jirani yangu wa meza — tunamwita Mama Mhuri, angeweza kugonga mhuri hata kwenye keki — anabonyeza bila kuangalia, kama anafukuza nzi. Kasema nitazoea.

Nizoee lini? Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa. Bosi ataamua kwa ripoti ya mfumo.

Jumatano, 5 Machi

Kapiga simu bibi mmoja. Kaagiza godoro la watu wawili, kaletewa la kitanda cha mtoto. Mara tatu! Kila akilalamika, mfumo unamjibu wenyewe: "Tumefurahi kwamba umefurahi."

"Mwanangu," kasema, "nalala kichwa na mgongo tu. Miguu iko ugenini."

Hapo akili yangu ikakaa kitako. Kisanduku sikukiona. Chakula sikukikumbuka. Nikachimba, nikachimba — kumbe fomu kajaziwa na mjukuu, akaandika umri wake mwenyewe, miaka tisa! Mfumo ukaona mtoto, ukapunguza godoro. Nikakimbia stoo, nikasimama pale mpaka kubwa likapakiwa garini. Jioni bibi kapiga: kajinyoosha mpaka vidole vya miguu vimeshangaa!

Ripoti yangu ya leo: "Hayupo kazini kwa saa mbili na dakika arobaini."

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa! Nimeipanga kompyuta ijibu visanduku yenyewe: "Asante, nashughulikia." Nikaenda kula kwa raha zangu.

Kumbe mfumo nao hujibu kila asante. "Karibu. Je, bado unaendelea?" "Asante, nashughulikia." "Karibu." Nimerudi nikakuta majibu elfu nne mia moja na kumi na mawili, kompyuta inahema kama mbwa. Mama Mhuri kacheka mpaka kalala juu ya meza.

Nimekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Mfanyakazi bora wa wiki: MIMI! Majibu elfu nne!

Tuko ukumbini, naandika nyuma ya ratiba ya kikao. Bosi ana mkataba mkononi, hajasaini. Anataka kwanza niwaeleze wenzangu siri ya umakini wangu. Mama Mhuri ananinong'oneza: sema "nidhamu", tabasamu, kaa.

Ripoti yangu iko ukutani, kubwa kama pazia. Kijani tupu, isipokuwa doa moja jekundu: Jumatano. Bosi kasema hilo wamenisamehe.

Mmenisamehe! Siku pekee niliyofanya kazi!

Ananiita. Shingo zote zimegeuka. Mama Mhuri ananivuta nguo.

Nasimama. Naanza na bibi —