Dada wa Mlangoni na Jina la Festo

Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama,

Shikamoo. Kamwene, na kamwene tena kwa wote waliokaa hapo jikoni wakati wifi Tumaini anakusomea barua hii. Goti limepoa? Nasikia baridi ya mwaka huu imewahi huko Njombe, na ninakuona kabisa umejifunika lile blanketi la michirizi, umeuelekeza motoni mguu mmoja tu, ule unaouma. Mimi ni mzima. Kazi ya kufua na kukunja mashuka hotelini bado ninayo. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kulala amejifunika shuka mpaka kiunoni.

Najua unachokisubiri. Tangu mke mwenzangu Neema, mke wa shemeji Obedi, ajifungue, shemeji ananipigia simu kwa upole, anauliza kama mtoto wao anaweza kuitwa Festo, jina la marehemu kaka yake. Kwa desturi ya hapo nyumbani jina la marehemu halishikwi mpaka mjane wake alitoe kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo mtoto bado mnamwita Mgeni, na mimi ndiye ninayemchelewesha. Kila akipiga namjibu, "Nitasema, shemeji." Halafu sisemi.

Mama, haikuwa hasira. Tulipogawa vitu vya marehemu, koti lake lilikwenda kwa mjomba, randa na misumeno kwa Obedi, na nilitoa kwa mikono miwili. Mungu hakutujalia mtoto. Kitu pekee ambacho hakikugawanywa ni jina, nikabaki nalo. Nilikuwa nalisema kimyakimya nikipanda ngazi za hotelini. Niliona nikilitoa na hilo, nitarudi chumbani sina hata la kusema.

Nikueleze nilivyolipata jibu, maana limepitia njia ambayo sikuitegemea. Limepitia kwenye televisheni.

Mwenye nyumba wetu, Bi. Salma, ni mama wa Kiarabu mwenye duka hapo mbele. Naye ni mjane, wa siku nyingi. Akishaswali Isha anafungua mlango wa sebule, nasi wapangaji tunaingia na kukaa kwenye mkeka kuangalia tamthilia. Ni ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili. Ni habari ya mwanamke ambaye kila akifa anarudishwa mwanzo, aishi maisha yale yale tena. Anafumbua macho, ni mtoto, amesimama mlangoni kwa baba yake ameshika begi la shule, na anakumbuka kila kitu. Jina lake gumu, kwa hiyo sisi tunamwita Dada wa Mlangoni. Kila akirudi anajaribu kurekebisha jambo: mara amzuie kaka yake asisafiri, mara amsamehe mama yake mapema.

Ni tamthilia ya polepole, Mama. Mvua inanyesha, watu wanakunywa chai, mlango unafunguliwa. Nilikuwa nikiiangalia nasikia kama nimekaa ndani ya maji ya uvuguvugu. Jioni moja Bi. Salma akatuuliza, "Haya, wanangu, mngepewa nyie kurudi, mngeanzia wapi?"

Zuwena, mpangaji wa chumba cha pili, anayeuza samaki wa kukaanga pale mnadani, hakungoja. "Mie ningeanzia siku ile baba Husna kaja kuposa. Ningemwambia nyumbani hakuna mtu."

"Mwongo wewe! Jana si ulimwekea kichwa cha samaki changu peke yake?"

"Bi. Salma, kile kichwa kilibaki!"

Tulicheka sana. Wakanigeukia mimi. Nilitaka kusema ningeanzia stendi ya Makambako, ambako Festo alinishikia kuku wangu nilipokuwa natafuta tiketi. Lakini kilichonijia si hicho. Ilinijia Jumapili ya kawaida kabisa, Festo anapiga pasi shati, anajaribu joto la chai kwa kidole cha mwisho, halafu anakinyonya hicho kidole chake kama mtoto. Hakuna la maana lililotokea siku hiyo. Ningeanzia hapo. Nikawaambia tu, "Mimi sijui," na Bi. Salma akanisogezea kashata.

Sasa, Alhamisi moja yule Dada wa Mlangoni aliamua kutoolewa. Alikuwa anajua mumewe atakufa kijana, na alishamzika katika maisha mengine. Kwa hiyo siku ambayo katika kila maisha hukutana naye dukani, mwanamume ananunua vifungo vya shati, yeye akainamisha kichwa akapita. Zuwena alipiga kelele, "Msalimie, we dada! Msalimie!" Hakumsalimia. Nikaingia chumbani kwangu nikakaa kitandani na kanga mdomoni.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko, jambo ambalo silipati mara nyingi. Mchana nasikia muziki wa tamthilia, nikakimbia sebuleni. Dada amesimama mlangoni na begi lake. Nikajua ameanza maisha mengine. Nikamwombea, Mama, kweli kabisa, nikasema safari hii amsalimie. Akakua, akaenda dukani, mwanamume yuko pale na vifungo vyake. Akainamisha kichwa akapita.

"Jamani!" nikasema. "Hata maisha haya kampita tena!"

Zuwena alijitupa kwenye mkeka kwa kicheko. "Maisha gani, shoga? Hayo marudio!"

"Marudio ya nini?"

"Ya Alhamisi! Kila Jumamosi wanarudiaga."

"Mbona nimeona kavaa gauni jingine?"

"Gauni lile lile, macho yako ndiyo mengine."

Bi. Salma hakucheka. Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, marudio hata ukiyaombea dua hayabadiliki. Yameshapita hayo. Mngojee Jumatatu, labda atafanya jingine."

Neno hilo nilikwenda nalo kazini. Nikaona nilichokuwa nakiogopa. Niliogopa mkimpa mtoto jina la Festo mtakuwa mnamtaka awe marudio. Na niliogopa zaidi kwamba nikija nitamtazama mimi mwenyewe hivyo, nimngoje akinyonye kidole cha mwisho, na asipokinyonya nimchukie.

Wiki hiyo hiyo wakatuletea mfanyakazi mpya kwenye chumba cha kufulia. Msimamizi akaita, "Festo, leta kapu!" Niliachia shuka likaanguka kwenye maji. Akaja kijana mrefu wa Tanga, masikio makubwa, anaimba taarabu puani. Nilimchukia siku nzima bila kosa. Lakini mashuka ya vitanda vikubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe zake, mnasogeleana. Nikapangiwa naye.

"Wewe, vuta," nikawa namwambia. "Wewe, geuza."

Akasimama na pembe zake mkononi. "Sista, mbona kila saa 'wewe, wewe'? Mie nina jina."

"Najua unalo."

"Basi lijaribu, haling'ati."

Shuka likaning'inia katikati yetu. Halafu nikasema kwa sauti, mara ya kwanza tangu makaburini, "Festo. Vuta kwako."

"Naam," akaitika, akavuta.

Ni hivyo tu, Mama. Niliita, akaitika mtu mwingine, na alikuwa na haki ya kuitika. Festo wangu hakupungua. Nilikunja mashuka mpaka jioni nikimwita kijana wa watu hata pasipo na haja, mpaka akauliza kama namtania.

Nisalimie wifi Tumaini, na asiruke mistari anaposoma, namjua. Nisalimie shemeji Obedi, namwomba radhi kwa simu zote zile. Mke mwenzangu Neema anywe uji wa moto, asikimbilie shamba. Baba mdogo wa ng'ambo ya mto naye mpeni heshima zangu. Najua mtanitania kwa desturi ya majina, mtoto mtamwita mume wangu, mtasema amelowa nije nimbadilishe nepi. Nitanieni. Nikipata likizo nitakuja kumbadilisha. Ninachoomba ni kimoja, asiambiwe anafanana na mtu. Akiwa mkorofi, ukorofi ni wake.

Sasa wifi aache kusoma kidogo, Neema amlete mtoto mapajani kwako. Halafu asome haya kwa sauti:

Mimi Anjela, mke wa Festo, natoa jina la mume wangu kwa mtoto huyu. Nalitoa lote. Aitwe, aitike.

Akiwa amelala, msimwamshe, Mama. Mwambieni akiamka.

Mkweo ninayekupenda,
Anjela