Ndege ya Bwana na Ruhusa Yangu

Lushoto, Ijumaa

Mwanangu Zuhura,

Kabla sijasema langu lolote, nijibu: miguu bado imevimba? Usingizi unapata? Mtoto anacheza? Mama mdogo wako anakukanda kila jioni kama nilivyomwomba, au amerudi kwenye mpunga wake? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku milimani inaingia mpaka kwenye meno. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana zile za kizungu mkono wangu bado unazikosea. Soma polepole, na ukichoka mpe mumeo Hamisi akusomee.

Barua yako nimeipata. Umeuliza neno moja tu, "Mama, utakuja?" Nikalia jikoni, nikamwambia mpishi ni kitunguu. Mimba ya kwanza mtu hujifungulia mikononi mwa mamake, hilo sijalisahau. Siku hiyohiyo nikaenda kwa Memsahibu. Akasema hapana, mtoto wake hakubali mikono mingine, nikiondoka nani atambembeleza? Nikamwendea Bwana, mumewe. Yeye ni mpima ardhi, mtu mpole, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye ndege aliyokuwa akiiunda barazani. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mama Zuhura, ndege hii ikiruka, tutazungumza."

Basi ruhusa yangu ikawa imefungwa kwenye mabawa ya ndege.

Usidhani ni ndege ya kupanda watu. Hii ukiinyanyua ni nyepesi kama bua la mtama, mabawa yamevikwa karatasi laini iliyopakwa dawa yenye harufu ya kuumiza kichwa. Injini haina. Inabebwa na upepo unaopanda mlima, kama mwewe anavyobebwa. Tumboni imewekwa betri na nyaya, na Bwana ana sanduku lenye mlingoti mrefu wa chuma. Anasema ni redio. Nilingoja itoe habari au hata wimbo, haisemi kitu. Akibonyeza kitufe, mkia wa ndege unageuka, basi.

Bwana aliiweka juu ya vidole vyake viwili, akatia risasi puani kidogo kidogo, kama ile ya mishipi ya kuvulia, mpaka ikatulia haiinami mbele wala nyuma. Kisha akanituma niipeleke mbali, kwenye ua wa michongoma. "Mkia ukicheza, inua mkono." Nikaenda nayo nimeikumbatia. Kidole chake kule, mkia ukacheza huku kifuani kwangu. Nikainua mkono, na bismillahi juu. Nikakumbuka tulivyokuwa tukiamia ndege wasile mpunga kwetu Mbuchi, wewe mdogo, tumekaa dunguni, unavuta kamba na kopo linalia mwisho wa shamba, ndege wanatimka. Hii ni hivyohivyo, ila kamba huioni.

Siku ya kuirusha tukapanda ukingoni, bonde lote liko chini, nikaona kizunguzungu. Bwana ana sanduku lake, mikono haina nafasi, kwa hiyo wa kurusha ni mimi. Mpishi, Mzee Rashidi, alikuja kutazama, akajikalia kwenye majani kama yuko ngomani. Bwana kainamia sanduku. Akasema, "Sasa."

Mwanangu, mimi nikaupa upepo mgongo. Ningefanyaje? Maisha yangu yote nimepeta mpunga. Nani kwetu anautazama upepo usoni, makapi yamjae machoni? Nikageuka kama niko uwanjani na ungo wangu, nikairusha juu. Ikapita juu ya kichwa cha Bwana, ikapinduka, ikapiga pua chini.

Mzee Rashidi akacheka mpaka akashika mbavu. "Watu wa matopeni bwana, ameipeta ndege."

Mimi sikucheka. Ruhusa yangu niliiona imelala pale majanini, pua imevunjika.

Bwana aliokota vipande, akaniuliza kwa nini nimegeuka. Nikamweleza habari ya makapi. Akachuma majani makavu, akayaachia hewani, yakarudi nyuma yetu. "Huu ndio unaoibeba, Mama. Upe uso."

Ikabidi ndege igundishwe upya. Gundi haikauki upesi kwa ukungu wa huku. Mwezi ukaandama, nikajua huu ndio wako wa kujifungua, na ndege bado imelala mezani imefungwa vitambaa kama mgonjwa. Kila nikipita na mtoto wa Memsahibu mgongoni naigusa kuona kama imekauka.

Juzi tukapanda tena. Nikajifunga kibwebwe, nikaupa upepo uso, machozi yananitoka kwa baridi. Bwana akasema sasa. Mikono ikakataa. Naisikia inavuta, inataka kwenda, nami nimeishika tu, naogopa nitaivunja tena.

"Mama, usirushe," akasema. "Iachie."

Nikaiachia.

Haikuanguka, Zuhura. Ilisogea mbele ikakaa juu ya bonde, haina kelele, ni mluzi mdogo tu. Bwana akabonyeza, ikageuka, ikapita mbele yetu, ikarudi. Iliposhuka kwenye majani nyuma yetu ilikuwa nzima, nikaikimbilia nikaipakata.

Mzee Rashidi akasema, "Leo hukuipeta."

Memsahibu bado alikunja uso, lakini Bwana akamwambia, "Nilisema ikiruka. Imeruka, aende." Memsahibu akaniuliza, "Huyu binti yako ni wa ngapi?" Nikamjibu ndiye huyohuyo, sina mwingine. Akaingia ndani, akatoka na kofia ya mtoto, ya sufu. Sufu, kwa joto la Mbuchi! Lakini naileta.

Natoka hapa akishapatikana wa kunishikia mtoto wa Memsahibu. Ni basi mpaka Korogwe, nifike Dar es Salaam, kisha Kibiti, na kutoka hapo njia unaijua, gari likipatikana ni bahati. Hamisi asiufunge mtumbwi mbali. Na mkunga akisema upelekwe Kibiti, msibishane naye, tokeni maji yakijaa, yakipwa mtakwama kwenye tope.

Nisalimie bibi yako, mwambie tumbaku yake ninayo. Mama mdogo wako mwambie mpunga hauzai peke yake lakini na wewe pia huzai peke yako. Hamisi mpe salamu za mkwewe, na awe anakuchotea maji.

Sasa nisikilize. Najua ulivyo, unaweza ukaanza kuumwa ukanyamaza, ukauma kanga, ukisema mama hajafika. Usifanye hivyo. Uchungu ukija, hata kama mimi niko njiani, usimshike mtoto kwa ajili yangu. Mwachie aje. Nitamkuta.

Mimi mamako,
Bi Mwajuma