Nani Mukristo, Apite Upande Huu

Kashuga, Ijumaa

Yaya wangu Masika,

Nakusalimu weye na wote wa nyumbani huko Butembo. Mama, mugongo unamusumbua tena? Na watoto, ile homa iliwaachilia? Mimi ni muzima, nakula, nafanya kazi. Lakini najua uliposhika bahasha hii hukutafuta salamu. Ulitafuta jibu.

Barua yako ilinifikia kwa mwenye lori la maharagi. Uliandika kwamba wachuuzi waliotoka huku walisema mbele ya wateja, pale kwenye magazini yako, kwamba mudogo wako ameacha dini, amekatakata kikwembe cha kanisa akagawia wapagani. Ukaniuliza kama ni kweli. Yaya, kukata nilikata. Mukasi ulikuwa wangu. Lakini kaa nikuelezee ilivyokuwa, maana hao walipita tu na biashara yao, hawakubaki kuona.

Balo lile la kitambaa, kikwembe cha buluu chenye musalaba mweupe, ulilonitumia nilipofika hapa, nililishonea korali nzima: akina mama magauni, akina baba mashati. Kingine kikabaki kwenye sanduku. Wakati ule kuwa Mukristo lilikuwa jambo la Siku ya Mungu tu, kanisani. Mutu akisema "huyu ni Mukristo," alitaka kusema halewi, hapigi bibi yake. Basi. Katika korali walikuwamo Wahunde, Wanyarwanda, na mimi Munande peke yangu, na hakuna aliyehesabu.

Kisha vita ikarudi. Bariyeri za askari zikasimama kwenye njia ya Kitshanga, huku ya hawa, kule ya wale. Siku moja tulikuwa tunaenda kuimba kwenye maziko, tumevaa nguo zetu. Askari akatutazama, akainua kamba: "Hao ni Wakristo, wapite." Hawakupekua hata kikapu. Tangu siku hiyo akina mama wakaanza kuvaa nguo ya korali hata Jumanne, wakienda shamba. Watu wasiowahi kukanyaga shapeli wakaja kuomba kuimba. Mwalimu wetu Papa Bahati, yule seremala mwembamba, alikuwa anawasikiliza mumoja mumoja na kusema, "Huyu hana sauti, lakini ana woga. Mwandikeni."

Jumatatu moja, muchana mweupe, komanda wa wale walioshika kijiji akaingia kwangu. Rozari shingoni, bunduki begani. Akaketi kwenye benchi ya wateja.

"Mushonaji, nataka mashati makumi mbili ya kikwembe kile cha buluu. Ijumaa yawe tayari."

"Komanda, munataka kuimba?"

Akacheka. "Tunataka kupita."

Nikamuambia kitambaa ni cha kanisa. Akaacha kucheka.

"Na mimi niko nani? Nilibatizwa kabla yako, pengine. Weye uko Mukristo?"

"Ndiyo, niko."

"Basi saidia Wakristo wenzako. Wale wa upande ule si Wakristo, hata wakiimba."

Akaenda. Hapo nikaona mupango wao. Walitaka kufika kwenye bariyeri ya adui zao wakiimba, silaha chini ya mashati. Na nyuma ya bariyeri ile njo kijiji cha mama yake Mama Nyirarukundo, anayeimba kando yangu sauti ya pili ya korali.

Tulikutana kwenye shapeli kama watu wa mazoezi. Papa Bauma, wa sauti ya nne, akanielekezea kidole.

"Weye ni mugeni. Mambo yakiharibika utapanda lori, utarudi Butembo. Sisi watatumaliza. Shona."

Hakusema uongo, Yaya. Mama Nyirarukundo njo aliyejibu, bila kumuangalia mutu.

"Wakiua mama yangu wamevaa nguo hii, nani ataniambia haikuwa korali?"

Papa Bahati alivua shati lake akalishika kwa kola, akaliangalia sana. Kisha akasema, "Nguo hii tukiivalisha kila mutu, haitapitisha mutu tena."

Njo hivyo nilivyokata. Siku mbili mukasi haukupumzika. Nilikata balo lililobaki, nikakata na magauni ya akina mama waliokubali. Tukagawia kambi nzima ya waliokimbia vita. Muadventista akapata, Mwislamu anayeuza chumvi akapata, muzee mumoja asiyeomba popote akafungia kidonda cha muguu. Alhamisi Kashuga yote ilikuwa buluu. Watoto walibebwa ndani ya buluu, mifuko ya maharagi ilizibwa na buluu.

Ijumaa komanda akafika na watu wake, soko limejaa. Akaangalia watu, akaangalia misalaba ile myeupe kwenye migongo ya watoto. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Akaamuru mashini yangu ya kushona ifungwe kwenye pikipiki, kisha tukusanywe mbele ya shapeli.

"Nani Mukristo?" akauliza. "Apite upande huu."

Neno hilo tulizoea linafungua njia. Pale hakuna aliyejua litafungua nini.

Papa Bahati akapita wa kwanza, polepole, anafunga vifungo vya koti. Wengine wawili wakafuata. Mama Nyirarukundo akapita, karibu mbio. Kisha, Yaya, akapita Papa Bauma, yule aliyeniambia nishone.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na kutoka pale niliona askari anafungua kamba nyuma ya masanduku na magunia. Nikaelewa: wanatafuta watu wa kubeba mizigo. Muguu wangu haukutoka. Komanda akanitafuta kwa macho akanipata.

"Mushonaji. Na weye? Jumatatu ulikuwa Mukristo."

Nikamujibu, "Mimi niko mushonaji tu."

Watu wote walisikia. Papa Bahati alisikia. Waliwafunga kamba kiunoni, wakawatwika mizigo, wakashika njia ya Pinga.

Yule komanda hakushambulia kijiji kile cha mama yake Mama Nyirarukundo. Askari wa bariyeri ya upande ule walisikia habari ya buluu, wakaacha kuinulia kamba mutu yeyote. Sasa ukisema "niko Mukristo" wanakuuliza Mukristo wa wapi, wa padri gani, wa mulima gani, na jibu linaweza kukuharibia. Akina mama hawafiki tena kwenye mashamba ya mbali. Maharagi yameozea kule. Wengine wakinikuta kisimani hawanisalimu, na sijui kama ni kwa sababu ya kukata ao kwa sababu ya jibu lile.

Siku ya sita wakarudi wanne. Papa Bauma alianguka kwenye muteremuko, mbele ya kufika Pinga, na hawakuruhusiwa kusimama. Bibi yake hajui amelala wapi. Nilienda kukaa naye. Hakunifukuza.

Kisha nikaenda kwa Mama Nyirarukundo. Kiuno chake kimechubuka na kamba, anatembea ameinama kidogo. Nilimuuliza kitu kilichokuwa kinanichoma: alipata wapi nguvu ya kupita?

Akaniangalia kama mutu aliyechoka kusifiwa.

"Nguvu gani? Nilifikiri anaachilia Wakristo waende nyumbani. Njo maana nilikimbia."

"Na ulipoona kamba?"

"Nilipoona kamba, Papa Bahati alikuwa amesimama pale. Nilipata haya ya kurudi."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Sauti ya pili nimebaki peke yangu. Mazoezi Alhamisi, saa kenda."

Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikaa nje ya shapeli mpaka wakaanza, halafu nikaingia. Hakuna aliyevaa buluu. Mutu na nguo yake ya kila siku, mwingine na viraka. Papa Bahati, mukono mumoja haupandi tena, alikuwa anaongoza na ule mwingine. Hakusimamisha wimbo. Mama Nyirarukundo akasogea kidogo, nikapata nafasi. Mistari miwili ya kwanza haikutoka. Wa tatu ukatoka.

Usinitumie balo lingine, hata ukilipata kwa bei nzuri. Nashona kwa sindano ya mukono, viraka na vifungo, inatosha.

Nisalimie shemeji, mwambie asipite njia ya Kitshanga na gari lake kwa sasa. Nisalimie mama mudogo anayefundisha katekismu, na binti yako mukubwa aliyeolewa. Na Mama, umusomee barua hii yote. Usiruke pale niliposema niko mushonaji tu. Akinyamaza, muache anyamaze. Lakini akisema kitu, hata kikiwa kikali, kiandike kama alivyokisema, unitumie.

Mimi mudogo wako,
Kahindo